Vigezo na masharti: ukibonyeza "Nakubali" unakuwa umekubali nini hasa?

Nilipoteza picha za miaka minne kwa kifungu cha mistari miwili. Kulikuwa na tovuti ya kuhifadhia picha, jina silitaji, nilijiunga zamani nikapandisha humo kila nilichokuwa nacho, halafu nikabadilisha simu, mambo yakawa mengi, nikaisahau. Siku naikumbuka, naingia, akaunti ipo ila ndani hamna kitu, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama usiku. Nikawaandikia kwa hasira zote, wakanijibu kistaarabu kabisa: kwa mujibu wa masharti uliyoyakubali, akaunti isiyofunguliwa kwa miezi 12 vilivyomo vinafutwa, na tulikutumia barua pepe mbili kukukumbusha. Naangalia, kweli, barua pepe zimelala kwenye spamu. Nafungua masharti, kweli, kifungu kipo, tena kimeandikwa kwa lugha nyepesi ambayo ningeielewa kwa sekunde kumi. Ila sikukisoma. Nilitiki "Nimesoma na nimekubali" nikaendelea na safari.

Na wewe kabla hujanicheka, mara ya mwisho kusoma ilikuwa lini?

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuyafungua haya mavigezo na masharti. Si kwamba nayasoma yote, hapana, nitafika huko. Ila nimeyafungua mengi kiasi cha kugundua kwamba yanafanana kama mapacha, na ukishajua moja limekaaje, kwenye lingine unajua pa kuchungulia na pa kuruka. Hicho ndo nataka tukifumue hapa.

Kwanza tuondoe aibu, maana hakuna anayesoma, na watu wameshalipima hili kwa utani na kwa utafiti. Mwaka 2017 kampuni ya waifai inayoitwa Purple iliingiza kwenye masharti yake kwamba atakayejiunga atafanya kazi za kujitolea saa 1,000, ikiwemo kusafisha vyoo vya kwenye matamasha na kuwakumbatia paka na mbwa wasio na mwenyewe. Ndani ya wiki mbili watu zaidi ya 22,000 wakawa wamekubali. Kulikuwa na zawadi kwa atakayekishtukia hicho kifungu, akapatikana mtu mmoja. Mmoja! Kabla ya hapo, Aprili 1, 2010, duka la magemu la GameStation la Uingereza liliweka kifungu kwamba mteja anayenunua mtandaoni anawakabidhi roho yake milele, watu 7,500 hivi wakapita nacho, na waliosema "roho yangu hapana" walikuwa wachache wakapewa vocha ya pauni 5. Halafu mwaka 2016 watafiti wawili, mmoja wa Kanada na mwingine wa Marekani, wakatengeneza mtandao wa kijamii wa uongo unaoitwa NameDrop na kuwaalika wanafunzi 543 wajiunge. Kwenye masharti waliandika kwamba malipo ya huduma ni kumtoa mtoto wako wa kwanza. Asilimia 98 hawakukiona hicho kifungu. Wastani wa muda walioutumia kwenye masharti ulikuwa sekunde 51, kwa maandishi ambayo msomaji wa kawaida yangemchukua kama dakika 15.

Mimi siamini ni uvivu. Mwaka huohuo wa 2016 Baraza la Watumiaji la Norway lilichukua masharti ya apu 33 ambazo zingeweza kukaa kwenye simu ya mtu wa kawaida, wakayasoma kwa sauti, laivu, mwanzo mpaka mwisho. Walitumia karibu saa 32. Na hizo ni apu tu, bado hujahesabu tovuti. Kwa hiyo anayekuambia "soma kila kitu kabla hujakubali" hajawahi kujaribu mwenyewe.

Kubonyeza ni kusaini?

Ndiyo, mara nyingi. Hiyo karatasi ni mkataba kama mkataba mwingine, tofauti yake ni kwamba hamkukaa mezani mkabishana. Mwenye tovuti ameandika kila kitu peke yake, wewe umeachiwa mambo mawili, ukubali yote au uondoke. Wanasheria walikutana na mikataba ya namna hii zamani sana, kabla intaneti haijafikiriwa. Mwaka 1934 huko Uingereza kulikuwa na kesi ya mama mwenye mgahawa aliyenunua mashine ya kuuzia sigara, akasaini fomu yenye maandishi madogo bila kuyasoma, mashine ikaja mbovu, alipoenda mahakamani akaambiwa saini ni saini, uwe umesoma au hujasoma, na yale maandishi madogo yalikuwa yamemvua haki ya kulalamika. Mawazo hayohayo ndo yamehamia kwenye kitufe cha "Nakubali".

Ila kuna mlango mdogo, na ni muhimu kuujua. Ili kubonyeza kwako kuwe saini lazima uwe ulioneshwa kwamba kuna masharti. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa Marekani iliamua kesi ya Netscape, kampuni ya programu za intaneti: watu walidaunlodi programu, kitufe cha kudaunlodi kikiwa juu, na taarifa ya masharti ikiwa chini kabisa ambako usingeiona mpaka uskroli. Mahakama ikasema hapana, mtu hawezi kukubali kitu ambacho hakujua kipo. Mwaka 2014 mahakama nyingine ya rufaa ikarudia wimbo huo kwa duka la vitabu la Barnes & Noble, kwamba kuweka linki chini ya ukurasa halafu ukadai kila anayepita amekubali haitoshi.

Sasa ndo utaelewa kwa nini ukijiunga popote siku hizi wanakulazimisha utiki kisanduku, au wanaandika juu ya kitufe "kwa kuendelea unakubali masharti yetu". Wala si adabu hiyo. Wanatengeneza ushahidi wa siku ya kesi. Na zile tovuti zinazoandika kimyakimya huko chini "ukiendelea kutumia tovuti hii umekubali", hizo ndo dhaifu zaidi, siku ya kesi zinapata tabu.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni kwamba hiyo linki siyo moja, mara nyingi ziko tatu. Kuna masharti ya matumizi, huo ndo mkataba wenyewe. Kuna sera ya faragha, hiyo inaeleza wanachukua taarifa gani zako na wanazipeleka wapi. Na kuna kanuni za jamii au miongozo, hizo ni za nini kinaruhusiwa kupostiwa. Mtu anafungiwa akaunti kwa sababu ya posti, anaenda kuhangaika kwenye sera ya faragha, hatapata kitu huko. Kila swali lina karatasi yake.

Kwa nini marefu hivyo

Kwa sababu kila kifungu kina mtu aliyewahi kushtaki, au mwanasheria aliyeogopa kwamba kuna siku mtu atashtaki, na kukiongeza hakugharimu kitu. Ndo maana kwenye masharti ya iTunes ya Apple kuna mahali unaahidi kwamba hutaitumia programu ya kusikilizia muziki kutengenezea silaha za nyuklia. Sitanii. Na mwaka 2016 Amazon walipotoa programu yao ya kutengenezea magemu, Lumberyard, waliandika kwamba isitumike kwenye mambo ya hatari kwa maisha kama mitambo ya hospitali na ya nyuklia, isipokuwa kama kutazuka virusi vinavyowafufua maiti wakaanza kutafuta nyama ya watu. Hicho alikiandika mwanasheria mwenye ucheshi wake, nampa heko, maana angalau alijua hatutafika huko chini.

Na zile aya zilizoandikwa KWA HERUFI KUBWA TUPU kama mtu anakufokea? Zile zina sababu yake. Sheria za biashara za majimbo ya Marekani zinataka maneno ya kukwepa dhamana yaonekane waziwazi, yasifichwe katikati ya mengine, na wanasheria wakaona njia rahisi ya kuonekana ni herufi kubwa. Kwa hiyo ukiziona jua kwamba hapo wanasema jambo la kukunyima kitu. Kwa kawaida ni mawili: kwanza, huduma unaipokea "kama ilivyo", ikiharibika au ikizimika hawakuahidi kitu. Pili, hata wakikosea kuna kikomo cha fidia. Kwenye masharti ya Facebook kwa miaka mingi kikomo kimekuwa dola 100 au ulichowalipa ndani ya miezi 12, kile kinachozidi mwenzake. Na kwa kuwa wengi wetu hatujawahi kuwalipa hata senti, piga hesabu mwenyewe. Chekesho ni kwamba aya ambayo sheria ilitaka ionekane ndo ambayo macho yanairuka haraka kuliko zote, kwa sababu herufi kubwa mfululizo zinachosha kusoma.

Kifungu cha leseni, neno kwa neno

Hapa nataka tukae kidogo maana ndo panapozusha kelele nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Karibu kila tovuti inayokuruhusu kupandisha picha, video au maandishi ina sentensi inayokaribia hii:

"Unatupatia leseni isiyo ya kipekee, ya dunia nzima, isiyo na malipo, inayohamishika na inayoweza kutolewa kwa wengine, ya kuhifadhi, kutumia, kunakili, kurekebisha, kusambaza na kuonyesha hadharani maudhui yako."

Mtu akiiona anashika kichwa, wamechukua picha zangu! Twende polepole. "Leseni" maana yake ni ruhusa. Picha inabaki mali yako, umewaruhusu tu kuitumia. "Isiyo ya kipekee" ni habari njema, maana yake unaweza kuiuza picha hiyohiyo kwa mwingine au kuiposti kwingine, hawajakufunga. "Ya dunia nzima" ni kwa sababu seva zao ziko nchi mbalimbali na anayekutazama anaweza kuwa popote. "Kunakili" na "kurekebisha" kunatisha lakini fikiria kitaalamu: ukipandisha picha kubwa lazima waipunguze iwe ndogo kwa ajili ya simu, waitengenezee ile picha ndogo ya kwenye listi, waweke kopi kwenye seva kadhaa. Bila ruhusa ya kunakili na kurekebisha, kila wakifanya hivyo wangekuwa wanavunja hakimiliki yako. Kwa hiyo mpaka hapo sentensi ni ya kawaida kabisa, tovuti isingefanya kazi bila hiyo.

Maneno ya kuyakodolea macho ni mengine. "Isiyo na malipo" pamoja na "inayoweza kutolewa kwa wengine", hayo mawili yakikaa pamoja yanamaanisha wanaweza kumpa kampuni nyingine picha yako na wewe usipate kitu. Halafu uangalie kinachofuata baada ya hapo. Kama imeandikwa "kwa lengo la kuendesha na kuboresha huduma", kuna mpaka, ingawa hilo neno "kuboresha" ni gunia, linabeba mengi. Kama imeandikwa "kwa lengo lolote", hakuna mpaka. Na mwisho tafuta leseni inakwisha lini. Tovuti zenye staha zinasema inakwisha ukifuta. Nyingine zinasema "ya kudumu na isiyoweza kutenguliwa", hapo ukifuta picha wewe ndo huioni, wao ruhusa wanabaki nayo.

Desemba 2012 Instagram walibadilisha masharti yao kwa maneno ambayo watu waliyasoma kama ruhusa ya kuweka picha zao kwenye matangazo bila kuwalipa, moto ukawaka mtandaoni, watu wakaanza kufuta akaunti, na ndani ya siku chache kampuni ikarudisha kipengele cha matangazo kilivyokuwa. Agosti 2023 ikawa zamu ya Zoom, watu waligundua kwamba masharti yaliyokuwa yamebadilishwa miezi kadhaa nyuma yalionekana kuruhusu mazungumzo ya wateja yatumike kufundishia akili bandia. Kelele zikapigwa, wakayaandika upya. Naona mambo mawili hapo. Moja, masharti yanabadilika watu wakipiga kelele. Mbili, ile ya Zoom ilikaa miezi bila mtu kuishtukia! Siku hizi kwenye kifungu cha leseni swali la akili bandia ndo la kwanza ninalotafuta, kama maandishi yangu yatalishwa kwenye mashine na kama kuna sehemu ya kukataa. Mara nyingi ipo, ila imefichwa kwenye mipangilio, na imewashwa tayari kwa niaba yako.

Umenunua au umeazimwa

Julai 2009 wenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, waliamka wakakuta vitabu walivyokwisha kuvilipia vimetoweka kwenye vifaa vyao. Amazon iligundua kwamba aliyeviuza hakuwa na haki navyo, ikavifuta kwa mbali na kuwarudishia watu hela zao. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya George Orwell, kimojawapo ni 1984, kile cha serikali inayofuta maandishi yasiyotakiwa, yaani hata ukitunga huwezi. Mwanafunzi mmoja alipoteza kazi yake ya shule kwa sababu alikuwa ameandika maelezo yake pembeni ya kurasa ambazo hazipo tena. Mkuu wa kampuni aliomba radhi.

Somo la kisheria pale ni kwamba kitufe kilisema "Nunua" ila masharti yalisema "leseni". Kitabu cha karatasi ukishakilipia ni chako, muuzaji hawezi kuja usiku kukitoa kabatini. Kitabu, gemu au filamu ya kidijitali mara nyingi umepewa ruhusa ya kuitumia, na ruhusa ina mwenyewe. Jimbo la California lilichoshwa na huu mchezo wa maneno, sheria yake iliyoanza Januari 1, 2025 inamkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali inayoweza kuondolewa bila kumwambia mteja wazi kwamba anapata leseni tu.

Akaunti nayo ni hivyohivyo. Kifungu cha kusitisha huduma karibu kila mahali kinasema wanaweza kukufungia "kwa sababu yoyote au bila sababu". Ukiwa na kazi zako zote ndani ya akaunti moja, hicho kifungu kinastahili dakika tatu za maisha yako. Tafuta kama wanakupa muda wa kuchukua vitu vyako kabla hawajafunga, na kama wana kifungu cha akaunti iliyolala, kile kilichoniua mimi. Google walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na barua pepe na picha zake. Wana haki hiyo, na wameisema. Kazi ya kujua ni yako.

Kuhusu hela sitakawia maana wengi mmeshaumwa: "jaribu bure siku 7" ukaweka kadi, siku ya nane wakakata. Kifungu kinachosema malipo yanajirudia yenyewe kipo pale, mara nyingi hata hakijafichwa. Cha kutazama ni unaghairi wapi, na siku ngapi kabla, maana kuna wanaotaka ughairi saa 24 kabla muda haujaisha, ukighairi siku yenyewe umechelewa.

Mkigombana

Hiki ndo kifungu ambacho watu hawakijui kabisa na ndo kizito kuliko vyote. Kinasema ukiwa na malalamiko hutaenda mahakamani, mtaenda kwa msuluhishi binafsi, na hutajiunga na wateja wengine kufungua kesi ya pamoja. Kwa Kiingereza kinaitwa "arbitration". Unaweza kusema, nitawashtaki nini mimi kwa tovuti ya bure, wacha wakae nacho. Sikiliza basi.

Mwaka 2023 mwanamke mmoja, daktari, alifariki baada ya kula kwenye mgahawa uliopo eneo la Disney huko Florida, akiwa na mzio wa chakula na akiwa ameshawaambia wahudumu. Mumewe alifungua kesi. Mwaka 2024 wanasheria wa Disney wakaja na hoja kwamba kesi isisikilizwe mahakamani kwa sababu mume huyo, miaka kadhaa nyuma, alijiunga na Disney+ kwa majaribio ya bure, na kwenye masharti ya kule alikubali kwamba magomvi yake yote na kampuni yatakwenda kwa msuluhishi. Masharti ya kuangalia filamu, kwenye kesi ya kifo! Watu walichachamaa, na Agosti 2024 Disney ikaiondoa hoja hiyo yenyewe. Maana yake mahakama haikupata nafasi ya kusema kama hoja ingesimama au isingesimama.

Ila mwezi mmoja baadaye, Septemba 2024, mahakama ya rufaa ya New Jersey ilikuwa na wanandoa walioumia vibaya kwenye ajali wakiwa ndani ya gari la Uber. Wakasema aliyebonyeza masharti mapya alikuwa binti yao mdogo, alikuwa anaagiza chakula kwa Uber Eats, huduma ya Uber ya kuleta chakula, kwa kutumia simu ya mama yake. Mahakama ikaamua makubaliano yanawabana, waende kwa msuluhishi. Hiyo ndo sababu mimi simpi mtoto simu yangu akubali kitu chochote, hata kama ni chakula.

Baadhi ya kampuni zinakupa siku 30 tangu kujiunga kuandika barua pepe kwamba hiki kifungu cha usuluhishi unakikataa, na huduma unaendelea nayo kama kawaida. Ni mistari miwili tu. Karibu hakuna anayefanya kwa sababu karibu hakuna anayefika huko chini.

Si kila kilichoandikwa kinakubana

Baada ya yote hayo usije ukadhani wakishaandika ndo basi. Kifungu kinaweza kuandikwa na bado kisiwe na nguvu. Ile roho iliyouzwa GameStation hakuna mahakama ingeidai, na mtoto wa kwanza wa NameDrop vilevile. Umoja wa Ulaya una sheria tangu 1993 inayosema kifungu cha kumkandamiza mlaji ambacho hakikujadiliwa naye hakimbani, kinaondolewa na mkataba unaobaki unaendelea. Ndo maana ndani ya masharti mengi utakuta maneno "isipokuwa pale sheria ya nchi yako inapokataza". Hapo wenyewe wanakiri kwamba kuna nchi hicho kifungu hakipiti.

Hata kile kifungu maarufu cha "tunaweza kubadilisha masharti haya wakati wowote" kina kikomo. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa Marekani ilisema kampuni ikibadilisha mkataba na kuuweka tu kwenye tovuti bila kumtaarifu mteja, mteja hajakubali chochote, na hana wajibu wa kwenda kuchungulia kila mara kama kuna kilichobadilika. Kwa hiyo zile barua pepe za "tumesasisha masharti yetu" zinazokukera zinakuja kwa sababu bila hizo mabadiliko hayasimami vizuri. Usizifute zote, nyingine zinataja kilichobadilika kwenye aya ya kwanza.

Na kwenye taarifa zako binafsi, huko Ulaya tangu sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ianze kutumika Mei 2018, ridhaa haiwezi kufichwa ndani ya masharti marefu, inatakiwa iombwe peke yake na kwa lugha inayoeleweka. Oktoba 2019 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikaongeza kwamba kisanduku cha kuki (vile vifaili ambavyo tovuti inaviweka kwenye kifaa chako ili ikutambue) kilichokuja kimeshatikiwa siyo ridhaa, mtu lazima atiki mwenyewe. Vile vibango vya kuki vinavyokuzibia ukurasa unaposoma, vingi vimezaliwa huko. Vinaudhi, najua, ila ukitulia sekunde mbili utakuta kitufe cha "Kataa vyote", mara nyingi kikiwa na rangi ya kijivu kisionekane, na cha "Kubali" kinang'aa kama taa ya harusi.

Sasa mimi nafanyaje? Kama ni tovuti ya kusoma habari nikatoka, sifungui kitu. Kama nitaweka humo hela, picha au kazi zangu, nafungua masharti, naangalia tarehe ya mwisho kusasishwa, halafu natumia kile kitafutio cha ndani ya ukurasa. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza kwa hiyo natafuta maneno yao: "license" naona ruhusa niliyowapa, "terminate" naona wanafunga vipi, "renew" naona hela, "arbitration" naona ugomvi, "inactive" naona akaunti iliyolala. Dakika tano, saba zikizidi. Nikitaka maoni ya wengine naingia ToS;DR, mradi ulioanza mwaka 2012 ambapo watu wa kujitolea wanasoma masharti ya tovuti kubwa na kuyapa gredi, A mpaka E, ingawa huduma ndogondogo huzikuti kule. Na kama jambo ni zito naseva ukurasa mzima kama PDF siku ninayojiunga, kwa sababu siku ya ugomvi masharti yatakayokuwa kwenye tovuti yanaweza kuwa mengine.

Picha zilizobaki nimezihamishia kwenye huduma nyingine. Neno la kwanza nililotafuta ni "inactive". Lipo, miezi 24. Nimeweka kengele kwenye simu, italia mwezi wa 22.